Filta ya Kinga ni ya Vumbi na Chumvi, Si ya Kuanguka

Anayenunua lenzi dukani, iwe Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi, ni nadra kutoka bila kuambiwa: chukua na filta ya kuikinga, maana lenzi ikianguka filta ndiyo itakayovunjika. Ushauri huo una nia njema na una ukweli ndani yake, lakini sababu inayotolewa ndiyo dhaifu kuliko zote. Matokeo yake wapiga picha wamegawanyika makundi mawili yanayobishana bila kusikilizana. Kuna wanaofunga filta siku lenzi inapotoka kwenye boksi na wasiifungue tena mpaka wanapoiuza, na kuna wanaoapa kwamba kioo cha ziada hakitagusa lenzi yao kamwe. Naona wote wanabishania jambo lisilo lenyewe. Filta ya kinga ni mahali pa kupangusia. Kazi yake ni kupokea vumbi, matone, chumvi ya bahari na alama za vidole, ili mkono wenye kitambaa usilazimike kufika kwenye kioo cha mbele cha lenzi kila siku. Ukiielewa kazi hiyo, utajua wakati wa kuifunga, wakati wa kuitoa, na kiasi cha pesa kinachoistahili.

Kwanza tuliweke sawa jambo la herufi. Filta nyingi za kinga bado zinauzwa zikiwa na herufi UV, yaani za kuzuia mionzi ya urujuanimno. Enzi za filamu herufi hizo zilikuwa na maana kubwa: tabaka la filamu linalopokea rangi ya bluu lilihisi pia mionzi hiyo ambayo jicho haliioni, na picha za milima ya mbali zilitoka na ukungu wa kibuluu. Filta ya UV ilipunguza ukungu huo, na ile iitwayo Skylight, yenye waridi hafifu, ilipunguza ubuluu wa vivuli. Kamera ya dijitali ni habari nyingine, kwa sababu mbele ya kihisi chake kiwanda kimeshaweka kioo kinachozuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Hata ukipanda Kilimanjaro mpaka mita 5,895, ambako urujuanimno ni mkali kuliko pwani, tofauti kwenye picha ya dijitali ni ndogo mno kulipiwa. Kwa hiyo filta iliyoandikwa UV na ile iliyoandikwa Protector, Clear au, kwa Nikon, NC, zitakufanyia kazi moja. Usiongeze bei kwa ajili ya herufi. Anayepiga kwa filamu mpaka leo, na bado wapo, yeye achukue UV.

Sasa tuje kwenye kuanguka. Ushahidi unaotajwa sana ni filta iliyopasuka: mtu anaonyesha kioo kilichovunjikavunjika na lenzi iliyo salama chini yake, kisha anasema filta imeiokoa lenzi. Hapo kuna hatua imerukwa. Kioo cha filta ni chembamba, kwa kawaida milimita moja au mbili, nacho kimeshikwa ukingoni tu. Kioo cha mbele cha lenzi ni kinene zaidi, kimepinda, na kimekaa imara ndani ya mwili wa lenzi. Pigo linalotosha kuvunja cha kwanza kwa kawaida halitoshi kuvunja cha pili, kwa hiyo filta iliyopasuka inathibitisha tu kwamba filta hupasuka upesi. Mmarekani Steve Perry, mpiga picha za wanyamapori, alilijaribu jambo hili kwa kuangusha uzito juu ya filta na juu ya vioo vya lenzi kuukuu. Filta zilivunjika kwa mapigo madogo, na vioo vya lenzi vikastahimili mapigo makubwa kuliko hayo. Tena lenzi inapoanguka kweli sakafuni, kinachoharibika mara nyingi ni kile ambacho filta haiwezi kukilinda: vioo vya ndani vinahama mahali pake, mota ya fokasi inakwama, au sehemu inayoshikana na kamera inapinda. Juu ya yote, vipande vya filta iliyovunjika ni vikali, na vikisukumwa ndani vinaweza kukichora kioo kilichokusudiwa kulindwa.

Watetezi wa filta wana jibu moja ninaloliheshimu. Pete ya chuma inayoshika kioo cha filta inaweza kupokea pigo la ukingoni ambalo lingepinda hesi za lenzi yenyewe, na kununua pete nyingine ni nafuu kuliko kutengeneza mdomo wa lenzi. Ni kweli, ingawa pete iliyopinda huwa inang'ang'ania pale ilipo. Lakini kipo kifaa kinachoifanya kazi hiyo vizuri zaidi, nacho ni hudi, ile kofia ya plastiki inayochomoza mbele ya lenzi. Hudi inanepa, inachomoka inapogongwa, na inaweka sentimita kadhaa kati ya kioo na ukuta, mlango wa gari au bega la mtu katika msongamano. Wakati huohuo inazuia jua la pembeni, kwa hiyo inaiboresha picha. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu anunue hudi. Filta ni kama kitambaa cha meza: inaokoa meza na mchuzi, haiiokoi meza ikipinduka.

Mchuzi wenyewe katika nchi zetu ni mwingi, na hapa ndipo filta inapopata heshima yake. Chukua ufukwe wa Diani au Lamu wakati wa kusi, upepo unapotoka baharini. Hewa inabeba matone madogo sana ya maji ya chumvi, na kwa muda mfupi kioo cha mbele kinapata utando wa ukungu ambao huoni mpaka unapopiga kuelekea jua. Hapo mkono unakimbilia upindo wa shati. Chumvi yenyewe ni laini na haichori kioo, ila upepo uleule umeleta na mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga wa nchi kavu, na mwingi wa ule unaoshushwa na mito hadi pwani, ni madini ya kwati. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs kwati ina 7, na kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5. Kigumu huchora laini, hakuna mjadala. Kila unapopangusa kwa haraka huku punje moja imekwama kwenye kitambaa, unakwaruza, na kinachokwaruzwa kwanza ni tando za kiwandani zilizopakwa juu ya kioo, ambazo unene wake haufiki hata elfu moja ya milimita. Bara mambo hayana nafuu. Vumbi la Amboseli wakati wa kiangazi na udongo mwekundu wa Tsavo hupenya popote, na anayeongoza watalii kwa gari lililo wazi juu hupangusa lenzi mara nyingi kwa siku moja kuliko mpiga picha wa studio kwa mwezi. Kwa watu hawa filta ni lazima, na ninasema hivyo bila kusita.

Kuna sababu nyingine ya kiufundi ambayo wapinzani wa filta huisahau. Baadhi ya lenzi zilizotengenezwa kuzuia maji na vumbi hazijakamilika bila filta. Canon, kwa mfano, imeeleza hivyo kuhusu lenzi zake pana za EF 17-40mm f/4L na EF 16-35mm f/2.8L II: vioo vya mbele husogea ndani ya pete, na ni filta tu inayoliziba pengo lililobaki. Mwenye lenzi ya namna hiyo anayepiga kwenye mvua bila filta amejinyima kinga aliyoilipia. Soma kitabu kilichokuja na lenzi kabla ya kufuata maneno ya mtu yeyote, yakiwemo haya.

Gharama ya filta haiishii dukani, na hapa lazima nikubaliane na wapinzani. Mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye kioo kitupu, karibu asilimia 4 hurudishwa. Filta ina pande mbili, kwa hiyo isiyo na utando wa kupunguza mwakisiko inarudisha karibu asilimia 8. Kupungua kwa mwanga kiasi hicho si tatizo, kamera italifidia bila wewe kujua. Tatizo ni njia ambayo mwanga uliorudishwa unapita. Taa kali inaingia kwenye lenzi na kufika kwenye kihisi. Kihisi chenyewe kinang'aa, kinarudisha sehemu ya mwanga ule nje kupitia lenzi, nao unagonga mgongo bapa wa filta na kurudi tena ndani. Ndiyo asili ya zile taa za bandia zinazoonekana kwenye picha za usiku zikielea angani, kila moja upande wa pili wa taa halisi, kana kwamba picha imepinduliwa juu chini. Picha za ukumbi wa harusi wenye taa nyingi, mishumaa, taa za magari barabarani na jua linalozama ndizo zinazoumia zaidi. Wahandisi wa lenzi wanalijua hili vyema. Nikon ilipoweka kioo cha kinga mbele ya lenzi zake kubwa za kupigia mbali ilitumia kilichopinda, ili mwanga unaorudishwa utawanyike usirudi moja kwa moja kwenye kihisi. Filta ya kawaida ni bapa na haina uwezo huo.

Dawa ya sehemu kubwa ya tatizo hilo ni utando wa kupunguza mwakisiko, ugunduzi wa Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss nchini Ujerumani mwaka 1935. Filta yenye tabaka nyingi za utando huo kila upande hupitisha zaidi ya asilimia 99 ya mwanga, na mwakisiko wa kila upande unashuka chini ya nusu ya asilimia. Tofauti kati ya filta hiyo na kioo kitupu ni kubwa kuliko tofauti kati ya filta hiyo na kutokuwa na filta kabisa. Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha lenzi ya Lensrentals ya Marekani, aliwahi kupachika rundo la filta mbele ya lenzi moja ili ubaya wake uonekane waziwazi. Rundo la filta nzuri liliacha picha inayotazamika, na rundo la filta duni likaiharibu. Anayesema filta zote zinaharibu picha, na anayesema hazina madhara yoyote, huenda kila mmoja anaizungumzia filta aliyonayo mkononi.

Pingamizi zito zaidi linauliza hivi: kama mkwaruzo kwenye kioo cha mbele hauonekani kwenye picha, kwa nini kuhangaika? Ni kweli kwamba mkwaruzo mmoja au punje chache za vumbi kwa kawaida hazionekani. Kila nukta ya mandhari hutuma mwanga wake kupitia sehemu kubwa ya kioo cha mbele, na kilicho juu ya kioo hicho kiko karibu mno kuweza kufokasiwa, kwa hiyo mchoro mdogo unamezwa. Kioo cha nyuma, kilicho upande wa kihisi, ndicho kinachodai uangalifu mkubwa zaidi. Lakini hoja hii inafika mwisho katika hali mbili. Ya kwanza ni lenzi pana iliyofungwa tundu hadi f/16 au f/22, hasa ikielekea jua, ambapo alama zilezile zinaanza kuonekana kama madoa na ukungu. Ya pili ni pale uharibifu unapokuwa umeenea: mamia ya mikwaruzo myembamba ya kupangusa vibaya kwa miaka kadhaa hupunguza ukali wa weusi na weupe katika kila picha. Na kwetu, ambako lenzi hupita mikono miwili mitatu kabla ya kustaafu, mnunuzi huiinua kwenye mwanga na kukitazama kioo cha mbele kabla ya kutazama kitu kingine. Mikwaruzo ambayo picha inaisamehe, bei haiisamehi.

Ukishaamua kununua, anza na kipimo. Tafuta alama ya duara lililokatwa kwa mstari, Ø, mbele ya lenzi au ndani ya kifuniko chake. Namba inayofuata ndiyo upana wa filta kwa milimita. Usiichanganye na urefu wa fokasi. Lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM inachukua filta ya 49, na ile ya EF-S 18-55mm iliyokuja na kamera nyingi za Canon inachukua 58. Lenzi nyingi za kazi huchukua 67, 72, 77 au 82. Kwa lenzi pana chagua pete nyembamba, kwa sababu pete nene huingia kwenye pembe za picha na kuzitia giza. Chuma cha pete nacho kina maana: shaba ya manjano, inayotumiwa na watengenezaji kama B+W kwenye filta zao nyingi, haikwami kirahisi kama alumini. Halafu kioo chenyewe. Hapa usiamini maandishi ya boksi peke yake, kwani filta za bandia zenye majina makubwa zimeenea. Isimamishe filta chini ya taa ya dari na utazame taa ikijionyesha juu ya kioo. Ikiwa taa inaonekana nyeupe na kali kama kwenye dirisha, hakuna utando wa maana. Ikiwa inaonekana hafifu, yenye kijani au zambarau iliyofifia, utando upo. Ilaze juu ya karatasi nyeupe uone kama ina rangi. Kisha tazama mwakisiko wa taa ndefu ya mrija huku ukiizungusha filta polepole. Mstari wa taa ukipindapinda, kioo si bapa, na kioo kisicho bapa ndicho kinachoua ukali wa picha kwenye lenzi ya kupigia mbali. Mwuzaji mwaminifu atakuruhusu pia kufunga filta na kupiga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, zumu ikiwa imevutwa hadi mwisho, mara moja ukiwa na filta na mara moja bila filta. Kuza picha zote mbili kwenye skrini ya kamera. Herufi zikififia katika moja, rudisha filta.

Je, kila mtu anunue? Hapana. Mwenye lenzi ya bei ya chini iliyokuja na kamera, anayepiga ndani ya nyumba na kwenye bustani, atafanya vizuri zaidi kununua hudi, kipulizio cha mpira na kitambaa safi cha maikrofaiba. Filta yenye utando mzuri itamgharimu sehemu kubwa mno ya thamani ya lenzi yenyewe, na filta ya bei ya chini itaizidishia udhaifu. Ushauri ni uleule kwa vioo vya kubandika kwenye kamera ya simu vinavyouzwa barabarani. Kamera nyingi za simu zimeshafunikwa kwa kioo kigumu kiwandani, na kile cha kubandika kinapofunika pia taa ya simu, mwanga wa taa unasafiri ndani yake hadi kwenye lenzi na kuifunika picha kwa ukungu mweupe.

Aliyenunua ajifunze kuitoa. Filta ikae kwenye lenzi ufukweni, mbugani, kwenye mvua, mbele ya mafundi wanaokata chuma na cheche zinaruka, na kwenye sherehe ya watoto wenye vidole vya keki. Itoke jua linapozama, ukumbi unapowashwa taa, na unapofunga filta nyingine ya kazi maalumu, maana vioo viwili vilivyobebana huzidisha mwakisiko na kutia giza pembeni. Kuipangusa kuna utaratibu wake: puliza kwanza punje zitoke, ndipo ulete kitambaa. Ikiwa ni chumvi ya bahari, ilowanishe kwa maji safi yasiyo ya chumvi kabla ya kuigusa, na raha ya filta ni kwamba unaweza kuifungua na kuiosha vizuri kwenye bomba, jambo usiloweza kulifanya kwa lenzi. Ikauke kabisa kabla ya kurudi mahali pake. Unyevu uliofungiwa kati ya filta na kioo cha mbele, katika joto la Tanga au Mombasa na ndani ya begi lenye giza, ni makazi ya kuvu, na kuvu ikishatambaa kwenye kioo inakula utando usioweza kurudishwa.

Kuifungua mara kwa mara kunazuia pia tatizo la kukwama, ambalo chumvi na vumbi kwenye hesi huliletea kila filta iliyosahauliwa. Ikikwama, usiibane kwa vidole viwili kwa nguvu, kwani pete inageuka yai na hesi zinashikana zaidi. Vaa glavu za mpira za jikoni na uizungushe kwa vidole vyote kwa mgandamizo hafifu. Ikikataa, chukua kandambili safi, ilaze juu ya meza, geuza lenzi chini ili pete yote iguse mpira kwa usawa, bonyeza kidogo na uzungushe kinyume cha saa. Mara nyingi inaachia hapo. Ikiwa pete imepinda kwa pigo, acha koleo na bisibisi mbali, funika lenzi na uipeleke kwa fundi wa kamera, kwa sababu atakayeikata pete hiyo vibaya atateleza moja kwa moja hadi kwenye kioo cha mbele.